Tafakari ya juma: Mjane wa Sarepta na hela ya TASAF

Somo: 1 Wafalme 17:8-16, pamoja na Matendo 6:1-7

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Habari ya mjane wa Sarepta tumeisikia tangu Shule ya Jumapili, na wahubiri wengi tuna haraka ya kufika mwisho wake: pipa halikupunguka, chupa haikuisha, haleluya, tuketi. Juma hili naomba tuchelewe kidogo langoni pa mji, pale yule mama alipokuwa anaokota kuni. Nabii Eliya anamwomba kipande cha mkate. Anajibu kwamba hana, ila konzi ya unga na mafuta kidogo, anaokota kuni mbili akajipikie yeye na mwanawe, "tuule tukafe."

Mtu akisoma upesi ataona mama huyu amekata tamaa. Mimi naona amepiga hesabu. Konzi moja kwa watu wawili ni mlo mmoja, na baada ya hapo hakuna cha kupanga. Wala hakuwa amekaa bure, alikuwa juani anatafuta kuni. Bidii alikuwa nayo. Alichokosa ni kesho ya kuipangia hiyo bidii.

Ndipo Mungu akamsaidia, na namna alivyomsaidia hunishangaza kila nikirudi kwenye sura hii. Hatusomi popote kwamba pipa lilijaa. Hakuamka akakuta magunia mlangoni. Kila asubuhi alikuta unga wa siku ile, kesho yake tena, na mstari wa 15 unasema wakala siku nyingi. Nabii naye, kabla ya kufika Sarepta, alilishwa vivyo hivyo kando ya kijito cha Kerithi: kunguru walimletea mkate na nyama asubuhi, mkate na nyama jioni. Kwa lugha ya vijijini kwetu siku hizi tungesema Eliya alikuwa mlengwa, yaani aliye kwenye orodha ya wanaolipwa na TASAF.

Walio nje ya Tanzania wanivumilie nieleze. TASAF ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulioanza mwaka 2000, na miaka ya mwanzo wengi tuliujua kwa madarasa na zahanati. Kisha ukaanza kujaribu kitu kingine: kuzipa kaya maskini fedha mkononi, kwa ratiba. Malipo ya majaribio yalianza mwaka 2010 katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, na mwaka 2012 ukazinduliwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao baada ya miaka michache ulifikia kaya zaidi ya milioni moja. Kila baada ya miezi miwili dirisha la malipo linafunguliwa. Mpango ulipoanza, kaya ilipata shilingi 10,000 kwa mwezi. Yenye watoto iliongezewa 4,000. Kukawa na nyongeza kwa mtoto anayepelekwa kliniki na kwa wanaohudhuria shule, lakini jumla isivuke 38,000 kwa mwezi.

Mjini elfu kumi ni nauli na chai, na nimewasikia ndugu wakicheka kwamba hela hiyo haimtoi mtu popote. Nawaelewa. Ila wanahesabu kama watu ambao mshahara wao una tarehe.

Chukueni nyumba moja ya Ugogo, kwa Wagogo huko Dodoma. Sitaitaja, lakini mnaijua, maana zipo nyingi: bibi, wajukuu watatu, shamba la uwele na karanga, nyumba ya tembe. Zamani, kuanzia Januari hadi Machi, ghalani hakuna kitu, na huo ndio wakati wa palizi. Bibi anaamka anakwenda kulima kibarua kwenye shamba la mwenye uwezo, ili jioni arudi na unga. Shamba lake mwenyewe linamezwa na majani. Mavuno yakija ni haba, tena nusu yake ina wenyewe, maana alikopa. Anaziuza karanga siku zile zile ambazo kila mtu anauza na bei iko chini kabisa. Mwaka unaofuata anaanzia pale pale. Hakuna semina ya kilimo bora itakayomtoa hapo, kwa sababu palizi anaijua kuliko mwalimu wa semina. Tatizo ni njaa ya Februari.

Hela ikianza kuja kwa mpangilio, mabadiliko ya kwanza wala hayaonekani kwa macho. Bibi anabaki shambani kwake. Siku tatu nne ambazo angekwenda kibaruani anapalilia uwele wake kwa wakati. Mwenye duka, ambaye zamani alimwambia "bibi, daftari limejaa," sasa anamwandikia nusu kilo ya sukari na sabuni ya mche, kwa kuwa naye anajua dirisha litafunguka lini. Mlenda unatiwa mafuta kidogo. Mjukuu wa kati ananunuliwa kandambili. Dirisha linalofuata, daftari na kalamu. La tatu, kuku wawili majike. Anazifunga noti kwenye pindo la khanga, anatembea nazo kutoka ofisi ya kijiji, na njiani ameshazigawa kichwani hadi shilingi ya mwisho. Sijaona mhasibu anayemshinda.

Sitaki mdhani nasimulia ninachotamani kiwe. Majaribio ya zile wilaya tatu yalifuatiliwa na watafiti, vijiji vilivyopata vikalinganishwa na ambavyo havikupata. Waliona watoto wa kaya zile wanamiliki viatu zaidi. Waliona siku za kuugua za watoto wadogo zimepungua, na kaya nyingi zaidi zimejiunga na bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii. Waliona mbuzi na kuku wameongezeka. Viatu, bima, kuku: vyote ni vitu vya mtu anayetegemea kuwepo mwakani. Mwenye kusema "tuule tukafe" hakati kadi ya bima.

Kuna neno lingine tunalopenda kulisema tukitoka ibadani, kwamba maskini ukimpa fedha atainywea. Wako wanaoinywea, kama walivyo wenye mishahara. Lakini pale Rarieda, Siaya, kwa jirani zetu Wakenya, watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walizifuata kaya zilizopewa fedha bila masharti, na hawakuona matumizi ya pombe na sigara yakipanda. Waliona pia jambo linalogusa somo letu. Waliopokea kwa mkupuo walielekea kununua vitu vya kudumu. Waliopokea kidogo kidogo kila mwezi, chakula chao kilikuwa cha uhakika zaidi. Mkupuo una kazi yake, sitaudharau, maana bati juu ya nyumba ni jambo kubwa. Ila kwa njaa, Mungu wa Sarepta alichagua konzi ya kila siku.

Ndugu mmoja aliniuliza: hii si fedha ya Mungu, sehemu kubwa ni mkopo wa Benki ya Dunia, utailinganishaje na muujiza? Swali zuri. Jibu langu ni kunguru. Mambo ya Walawi 11 imemtaja kunguru kati ya ndege wa kuchukiza, wasioliwa, na bado mkate wa nabii ulikuja mdomoni mwake. Kisha Mungu akamtuma kwa mama wa nchi ya Sidoni, asiye wa Israeli. Bwana hana aibu na njia anazotumia kulisha watu wake. Sisi ndio wenye aibu hiyo.

Sasa upande mchungu, maana nikiuacha akina mama watanicheka.

Dirisha likichelewa, yote niliyoyaeleza yanageuka. Aliyekopa sukari kwa kutegemea mwisho wa mwezi anaanza kukwepa njia ya dukani. Mwenye mtoto mgonjwa anaingia kwenye mikopo ya kausha damu, ile yenye riba ya kuumiza, na hela itakapofika itapita mkononi mwake tu kuelekea kwa mkopeshaji. Torati ililijua hili. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza kibarua alipwe ujira wake siku ile ile kabla jua halijachwa, na sababu inayotolewa ni kwamba yeye ni maskini, moyo wake umeutumainia ujira huo. Mungu anauhesabu moyo uliotumainia. Anayechelewesha fedha ya maskini, awe ofisi au mwenye shamba, atambue kwamba kuna moyo wa mtu umeshikwa pale. Na tusiwanyooshee wengine kidole tu. Wako wazee wa kanisa wanaolimisha vibarua na kuwaambia "njoo Jumatatu."

Siku hizi malipo mengi yanakwenda kwa simu na benki. Ni vizuri, foleni imepungua. Lakini bibi asiyejua kusoma, namba yake ya siri anaijua mjukuu wa darasa la sita, na mara nyingine mjomba wa mjukuu pia. Hapo vijana wa kwaya mna huduma ambayo haihitaji kipaza sauti.

Halafu majina. Walengwa huibuliwa kwenye mkutano wa kijiji, na kijiji ni watu: kuna aliyekuwa kibaruani siku ya mkutano akasahauliwa, na kuna shemeji wa mtu aliyeandikwa. Mwaka 2016 serikali ilifanya uhakiki na makumi ya maelfu ya kaya yakaondolewa kwa kukosa sifa. Someni Matendo 6. Kanisa la kwanza kabisa, lenye mitume kumi na wawili walio hai, lilikuwa na mgao wa kila siku kwa wajane, na likapata malalamiko yale yale: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wanasahauliwa. Mitume hawakusema mgao ufutwe kwa sababu una kasoro. Hawakuwaambia wanaolalamika kwamba hawana imani. Walitafuta watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, na majina ya wale saba, kuanzia Stefano, ni ya Kiyunani yote. Mgao uliwekwa mikononi mwa watu wa upande uliokuwa unasahauliwa. Sijui ni mitaa mingapi ya kanisa letu ingekubali hilo.

Na kuna kuhitimu. Kaya ikionekana imeinuka huondolewa kwenye mpango, na ni haki, kuna wengine wanasubiri. Lakini rudini mstari wa 14: ahadi ya pipa na chupa ilikuwa na mwisho, nao ni "hata siku ile" Bwana atakapoleta mvua juu ya nchi. Msaada ulikoma kwa sababu mvua ilinyesha, mama akaweza kulima na kununua tena. Bibi mwenye miaka themanini na wajukuu watatu, mvua yake ni ipi? Wengine mvua yao haitakuja upande huu wa mbingu, na kuwapigia makofi ya kuhitimu ni kuwarudisha kwenye kuni mbili.

Nisiishie kwa serikali. Sisi tunatoaje? Mkesha wa Krismasi: mchele, sukari, sabuni, kilo mbili mbili, akina mama wamepangwa mstari, picha inapigwa, inarushwa kwenye kundi. Desemba, wakati ambao hata jirani asiyeamini anagawa. Februari, ghala likiwa tupu, hatuonekani. Wakati Torati iliiwekea sadaka ya maskini kalenda: kila mwaka wa tatu zaka iwekwe malangoni, Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale washibe (Kumbukumbu la Torati 14:28-29). Paulo naye alipowachangisha Wakorintho kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu alikwepa harambee ya siku moja. Aliwaambia kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isifanyike atakapokuja (1 Wakorintho 16:2).

Kwa hiyo kwa juma hili naleta ombi kwa jumuiya za nyumba kwa nyumba. Kila jumuiya itazame kaya moja iliyo karibu, ya Mkristo au asiye Mkristo, isiyo kwenye orodha yoyote au iliyoondolewa. Msinunue mchele. Kubalianeni kiasi ambacho mnaweza kukitoa bila kufunga mwezi hata mmoja, hata kama ni shilingi elfu tano, na kubalianeni tarehe. Mwambieni mwenye kaya hiyo tarehe. Mtunza hazina apeleke mwenyewe, bila kamera, na asiulize ya mwezi uliopita ilitumikaje. Tutajaribu hadi mavuno ya Juni. Jumuiya ambayo haitaweza miezi yote iseme mapema tuunganishe mbili kwa kaya moja, kuliko kumtajia mama wa watu tarehe kisha ipite kimya.

Katibu wa mtaa atapokea majina ya jumuiya na tarehe walizochagua Jumapili ijayo baada ya ibada ya kwanza. Kiasi hahitaji kukijua.