Ngoja Anyanyuke Kwanza

Daftari lenyewe bado ninalo. Ni la miraba, lile la hesabu, na ukurasa wa katikati umefutwafutwa hadi karatasi imeota manyoya. Juu niliandika kwa herufi kubwa KIKOSI CHA PARIS, nikapiga mistari miwili ya rula chini yake kana kwamba kamati ya uteuzi ya Marekani imenituma. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa shabiki tu wa jimnastiki, katika wale ambao kuruka kamba kwenyewe kunatushinda lakini tunajua kwa kichwa kila mruko una ugumu wa ngapi.

Ilikuwa Juni 2024. Mchujo wa Marekani wa kwenda Olimpiki ulikuwa Minneapolis, wasichana 16 ukumbini, nafasi tano. Nyumbani tulikuwa watatu wenye ugonjwa huo: mimi, binamu yangu, na shangazi, ambaye ndiye aliyetuambukiza.

Kwa asiyefuatilia, niseme kidogo kinachowafanya watu wazima wagombane. Katika fainali ya timu, kwenye kila kifaa wanapanda watatu, na alama za wote watatu zinahesabiwa. Vifaa ni vinne: meza ya kurukia, fito, boriti na sakafu. Kwa hiyo ni alama 12, na hakuna hata moja ya kutupa. Zamani haikuwa hivyo. Kwenye Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 walikuwa wanapanda sita, wanahesabiwa watano, hivyo mmoja akiteleza alama yake inawekwa kando na maisha yanaendelea. Siku hizi ukianguka, pointi nzima imekwenda na kila mtu ameiona. Basi kupanga kikosi kumekuwa kama kupakia mizigo kwenye gari dogo: huyu anakupa fito na boriti lakini sakafuni hana kitu, yule ana meza nzuri lakini ukimweka yeye, nani atakuziba pale kwenye fito? Ukihamisha mmoja, wote wanasogea.

Mimi hapo ndipo palikuwa raha yangu. Niligawa ukurasa safu nne, kila kifaa na safu yake, nikajaza alama za msimu mzima kwa penseli, nikatafuta wastani, nikajumlisha watatu watatu. Jina la Simone Biles halibishaniwi. Unaliandika pamoja na tarehe. Baada yake nikamweka Shilese Jones, aliyechukua fedha ya jumla ya vifaa vyote kwenye mashindano ya dunia Liverpool 2022, na shaba Antwerp mwaka uliofuata. Halafu Skye Blakely na Kayla DiCello, waliotoka kushika nafasi ya pili na ya tatu nyuma ya Biles kwenye ubingwa wa taifa majuma machache tu kabla. Wa tano Suni Lee, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo, kwa ajili ya fito na boriti. Nikajumlisha mara tatu. Kikosi kilikaa kama kimeshonwa.

"Umemwacha Jade Carey?" binamu akauliza. "Bingwa wa Olimpiki wa sakafu? Bingwa wa dunia wa meza 2022?"

"Fito zake zinanila."

"Fito zinakula nini wewe, DiCello atakupa nini cha ziada?"

Nikamwonyesha. Desimali mbili. Tulibishana kwa desimali mbili kuanzia jioni mpaka macho yakawa mazito, na kesho yake tukaendelea tulipoachia. Tukafukua na ya 2021, kamati ilipochukua wanne wa juu kama walivyopangana kwenye mchujo na MyKayla Skinner, wa tano, akaenda Tokyo kwa nafasi ya mtu binafsi. Biles alipojitoa, Skinner akaingia fainali ya meza akarudi na fedha. Binamu anaamini kamati ilikosea. Mimi naamini kamati haikujumlisha vizuri, na hayo ni mambo mawili tofauti, ingawa yeye mpaka leo haelewi.

Shangazi hakuwa na safu wala wastani. Orodha yake iliandikwa nyuma ya bahasha: Biles, Lee, Carey, Chiles, na "Gabby wangu". Gabby Douglas, bingwa wa London 2012, alikuwa amerudi mashindanoni mwaka huo, kisha akaumia kifundo cha mguu akajitoa hata kabla ya ubingwa wa taifa. Shangazi alilipiga jina lile mstari mmoja mwepesi, wa kumwonea haya, akaandika Jones pembeni.

"Shangazi, unatumia kipimo gani?" nikamuuliza, nikijua nitacheka.

"Nachukua waliokwisha kutetemeka," akasema. "Hawa wa Tokyo wameshatetemeka mbele ya dunia, tumewaona wakitetemeka wanakuwaje. Hao wako wazuri, lakini bado hawajatetemeka."

Nikacheka kweli.

Jumatano ya wiki ile, siku ya mazoezi ya jukwaani, habari zikaja kwamba Blakely amekatika kano ya kisigino akiwa sakafuni. Mchujo wenyewe haujaanza. Huyu msichana alikuwa ameshakosa nafasi ya 2021 kwa kuumia kiwiko palepale kwenye mchujo, na sasa miaka mitatu ya kujirudisha imeishia kwenye zoezi. Nilisikitika, nisidanganye, kama dakika mbili hivi. Kisha nikachukua rula nikampiga mstari ulionyooka, nikafungua ukurasa mpya. Sasa Carey aliingia kwa hesabu zangu mwenyewe, na binamu akatembea sebuleni siku nzima kama aliyeshinda kesi.

Ijumaa usiku tukakaa watatu mbele ya kompyuta ndogo ya binamu, shangazi kwenye kiti, sisi wawili chini. Mtandao ulikuwa wa kukwamakwama. Wasichana wakaanza kupasha moto kwenye meza, na picha ikasimama Jones akiwa hewani, kichwa chini, mikono imebana kifuani. Ilikaa hivyo muda mrefu kidogo. Binamu akatikisa waya, kana kwamba waya ndio wenye makosa. Picha iliporudi, Jones alikuwa kwenye mkeka ameshika goti.

Hakuna aliyesema kitu. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa anajiambia kwamba atainuka, ni mshtuko tu. Aliinuka, akasaidiwa kutoka, na ikatangazwa kwamba harukii meza. Mimi penseli nilikuwa nayo mkononi tangu mwanzo.

Kisha mashindano yenyewe yakaanza, raundi ya kwanza, na DiCello akakimbia kuelekea meza. Mbio zake za kawaida, nyepesi, mkia wa nywele ukipiga mgongoni. Mruko haukwenda popote. Akaishia chini, na namna alivyokaa pale mkekani ilitosha: hakuangalia alama, hakuangalia makocha, aliangalia mguu wake tu. Baadaye tukajua kwamba na yeye ni kano ya kisigino. Ndani ya siku tatu, katika watano wangu niliowajumlisha mara tatu, watatu walikuwa wameumia.

Nami nikasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kuomba mtu akusogezee mto, "Basi Leanne Wong anaingia."

Penseli ilikuwa imeshaanza kuandika.

Shangazi hakunigeukia. Macho yake yalibaki kwenye kioo, ambako watu wawili walikuwa wamemwinamia yule msichana. "Mwanangu," akasema, "ngoja mtoto anyanyuke kwanza."

Ndivyo tu alivyosema, na wala hakupandisha sauti. Lakini binamu, ambaye siku nyingine angedakia apate la kunichekea, alijikunyata akatazama vidole vyake vya miguu, na mimi nikajua kwamba na yeye kichwani alikuwa ameshamtafutia DiCello mbadala. Tofauti yetu ni kwamba mdomo wangu ulitangulia.

Nikaiweka penseli chini. Tukangoja. Msichana akanyanyuliwa, akaondoka kwa kusaidiwa, uso umefunikwa nusu kwa mkono. Mwaka 2021 alisafiri hadi Tokyo kama mchezaji wa akiba, akakaa bila kupanda kifaa hata kimoja. Hayo nilikuwa ninayajua. Nilikuwa ninajua kila kitu chake, hata wastani wake wa boriti.

Raundi ya pili Jones akajitokeza kwenye fito. Mimi nilidhani amekuja kuwapungia watu mkono. Akajipaka chaki, akanyanyuliwa, akaanza. Kwenye fito goti halina kazi kubwa mpaka mwisho, na mwisho ndio kila mtu alikuwa anauogopa, maana fito haziruhusu ubaki juu. Lazima ushuke, na kushuka ni kutua. Shangazi akainua mtandio akajifunika macho. Mimi nilitazama. Akatua. Zikaja 14.675, alama ya mtu mwenye kikosi. Baada ya hapo hakupanda boriti wala sakafu, na safari yake ya Paris ikawa imekwisha.

"Ametua?" shangazi akauliza kutoka ndani ya mtandio.

"Ametua, shangazi."

"Kwa mguu gani?"

Hapo nikajua anakokwenda. Yeye mchezo huu ulimshika mwaka 1996, kwa Kerri Strug. Dominique Moceanu alikuwa ameanguka mara mbili kwenye meza, Strug akaanguka mruko wa kwanza akaumia kifundo, akarudi akaruka tena, akatua, akabaki amesimama kwa mguu mmoja kabla ya kuporomoka. Alipata 9.712 na Marekani ikachukua dhahabu yake ya kwanza ya timu ya wanawake. Kila anayeupenda mchezo huu ameiona picha ile. Tulikuwa tumeisikia kwa shangazi mara nyingi, siku zote kama hadithi ya ushujaa.

Usiku ule aliisimulia nyingine. Alisema alipiga makofi mpaka mikono ikawaka, na siku kadhaa baadaye akaja kujua kwamba alama zilipojumlishwa mwisho, dhahabu ingepatikana hata bila mruko ule wa pili. Ukumbini hawakuwa na njia ya kulijua hilo, Warusi walikuwa bado hawajamaliza sakafu. Lakini yeye nyumbani alijua sasa, na ile picha haikumkaa sawa tena. Tena Strug alikuwa amefuzu fainali ya mtu mmoja mmoja, na mguu haukumruhusu. Nafasi yake akapewa Moceanu. "Nilimfurahia Moceanu," shangazi akasema. "Palepale. Nilisema, afadhali, na yeye apate. Sikumkumbuka yule mwingine amelazwa wapi." Akanyamaza, kisha akatuambia tuongeze sauti maana boriti imeanza.

Sijui kama alinisimulia ili kunipunguzia au kuniongezea. Sikumuuliza.

Jumapili tulikaa tena watatu. Daftari nilikuwa nalo, siwezi kusema nilikuwa nimeokoka. Lilikuwa chini ya mto. Biles akamaliza na 117.225 za siku mbili, akiwa mbali kabisa na wengine. Nyuma yake Lee, Jordan Chiles, Carey, na wa tano binti aliyekuwa ametimiza miaka 16 mwezi uleule, Hezly Rivera, bingwa wa vijana wa mwaka uliotangulia. Kamati ikawachukua hao hao watano kama walivyofuatana. Wong na Joscelyn Roberson wakawa wa akiba.

"Huyu mtoto ni nani?" shangazi akauliza, Rivera akilia huku karatasi za rangi zikimwagika kutoka darini.

Binamu akanitazama. Mimi ndiye mwenye daftari. Na Rivera alikuwamo, mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa, safu ya sakafu tupu. Hakuna kati yetu watatu aliyekuwa naye. Bahasha ya shangazi ndiyo iliyokuwa na wanne, na kwa hilo hakujisifu hata kidogo. Aliponiona nahesabu kwa macho, alijifanya anatafuta miwani.

Paris ilikwenda kama inavyojulikana: 171.296, Italia fedha, Brazil shaba. Chiles alianguka kwenye boriti katika fainali ile, alama isiyo ya kutupa, akajifuta mikono akaendelea. Binamu akasema, "Ametetemeka." Shangazi akasema, "Nimeona."

Siku hizi shangazi yupo mbali nasi, tunazungumza kwa simu. Oktoba 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Jakarta, nilimpigia kumwambia kwamba Leanne Wong, yule wa akiba, amekuwa wa pili duniani kwa jumla nyuma ya Angelina Melnikova. Nilidhani atapiga kigelegele. Alisema vizuri, vizuri sana, kisha akauliza, "Na wale wa visigino?"

Nikamwambia mmoja yuko hukohuko Jakarta, Blakely, amerudi kwenye timu.

"Na mwenzake?"

Nikaenda kulichukua daftari, simu ikiwa sikioni, nikafungua ukurasa wa katikati. Jina la DiCello lilikuwa palepale, halijapigwa mstari, na pembeni yake herufi mbili za penseli, W na o, na alama ndogo ya kidoa pale mkono uliposimama.

"Subiri, shangazi," nikasema. "Nitamtafuta."