Mama, mbuzi wake na kinyama changu

Jumamosi tulikuwa tunatafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa dada, maana shule wanakitaka, nikamwaga begi lote la chini ya kitanda. Cheti hakikuwemo (kilikuwa kwa baba yake muda wote, hilo tuliache). Kilichochomoka ni karatasi ngumu yenye picha nne za rangi. Mtoto akaishika, akaipindua juu chini, akauliza, "Mama mdogo, hapa ni Amboni?" Mwaka jana darasa lao lilipelekwa Tanga, na tangu hapo kila shimo kwake ni mapango ya Amboni.

Nikamwambia siyo, ni tumboni kwangu. Akaiweka chini upesi, akafuta mikono kwenye gauni.

Karatasi ile ni ya kipimo cha pili cha kamera ya utumbo. Cha kwanza sina hamu nacho. Mliokuwa nami enzi zile za Buguruni mnakumbuka nilivyoishi: kila kituo cha daladala najua choo kiko upande gani na wanatoza shilingi ngapi. Damu na ute, kubanwa usiku wa manane, na kila zahanati niliyoingia nikatoka na dawa ya amiba. Siwalaumu sana. Huku kwetu mtu akiharisha damu, wa kwanza kushukiwa ni amiba, na kichocho cha utumbo hakiko mbali. Hata siku walipopitisha mpira wa kamera mara ya kwanza, na daktari akaona utumbo ulivyowaka, hakutaka kutaja ugonjwa mpaka kinyama, yaani kipande kidogo alichokata utumboni, kirudi kutoka maabara. Alikuwa na sababu. Ugonjwa aliokuwa anaushuku hutulizwa kwa steroidi, dawa zinazozima uvimbe kwa kushusha kinga ya mwili, na steroidi ukimpa mtu ambaye kumbe ana amiba unaweza kumzika. Kinyama kikarudi bila amiba, bila mayai ya kichocho. Kikarudi na kolaitisi yenye vidonda, ugonjwa wa utumbo mpana kuvimba na kuchimbika. Nikanywa predinisoloni, ndiyo steroidi yenyewe, uso ukajaa, wakanipunguzia kidogo kidogo, nikabaki na mesalazini, vidonge vya kuutuliza utumbo. Damu ikakata. Nguo zikaanza kunibana.

Hapo ndipo mama alipoweka nadhiri: mwanangu akipona, nachinja mbuzi. Na mama, si mnamjua, haamini nadhiri ya mdomo mtupu. Mbuzi akanunuliwa siku hiyo hiyo, akapelekwa kwa mjomba Chanika kusubiri.

Kipimo cha pili kilikuwa cha kuangalia kama dawa imefanya kazi. Usiku wa dawa ya kusafisha tumbo nauruka. Aliyeinywa anajua, na ambaye hajainywa nisimharibie chakula. Asubuhi tukachukua bajaji, kwa sababu mwendokasi hausimami mtu akibanwa.

Daktari alikuwa kijana. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Usimuumize." Mama akabaki nje na tasbihi yake.

Niliomba nisichomwe sindano ya usingizi. Sikuwa najitia ushujaa, nilitaka tu kuona. Basi nikalazwa ubavu wa kushoto, magoti kifuani, gauni la hospitali limefungwa kamba moja kati ya tatu, skrini mbele ya macho. Upepo ukaingia, tumbo likajaa, sista akanishika bega, "Pumua dada, usijikaze." Nikapumua. Nilipofungua macho niliona pinki iliyopauka, imelowa, inang'aa, na juu yake mishipa midogo ya damu imetandaa, mmoja unazaa miwili, miwili inazaa mingine, mpaka inapotelea.

"Unaiona hii mishipa?" daktari akauliza. "Mara ile hapa hatukuona hata mmoja."

Akawa ananieleza huku anasogeza mpira taratibu. Ugonjwa huu huanzia kwenye puru, pale mwisho kabisa, ukapanda juu bila kuruka sehemu, ndiyo maana yeye puruni haendi haraka. Utando wa ndani ukivimba, mishipa hufichika. Ukivimba zaidi, ukiugusa tu unatoka damu. Ukizidi hapo, unachimbika vidonda na damu inatoka yenyewe bila kuguswa. Ana mizani yake, ya Mayo, jina la kliniki ya huko Minnesota, Marekani: 0 hadi 3. "Mara ile tulikuandika 2. Leo nakuandika 0."

Nikadhani tumemaliza. Kumbe bado. Pembeni ya skrini kikachomoza kikoleo cha chuma, chembamba, kikafungua mdomo. Ni kitu cha ajabu kukiona kikoleo kinaufuata mwili wako na wewe umelala unakitazama. Nikauma meno. Kikauma pale kwenye pinki, kikavuta, utando ukainuka nao kidogo, ukang'ang'ania, ukaachia. Likabaki tundu dogo na tone la damu, tone likateremka pole pole kwenye ule ukuta unaong'aa. Sikusikia chochote. Naangalia damu yangu inatoka, na mwili umenyamaza kabisa. Daktari akasema utando huo hausikii mkato. Maumivu yote niliyokuwa nayasikia yalikuwa ya upepo na ya kuvutwa. Sista akakichokoa kile kinyama kutoka mdomoni mwa koleo kwa ncha ya sindano, kikatumbukia kwenye kichupa cha fomalini, dawa ya kukizuia kisioze. Milimita mbili tatu tu, cheupe cheupe. Akaandika jina langu na mahali kilipotoka. Wakachukua kingine hapo hapo, wakasogea, wakachukua tena.

"Dokta, kama pasafi, unakata cha nini?"

"Macho yangu yanaona juu tu," akasema.

Nje mama akasikia "sifuri" akashtuka, "Amefeli nini?" Alipoeleweshwa, kabla hatujafika getini alishampigia mjomba: Ijumaa, baada ya swala, anoe kisu. Shangazi akapiga vigelegele kwenye simu mpaka dereva wa bajaji akageuka.

Mbuzi aliokolewa na mama mwenyewe. Alihesabu vichupa nilivyomtajia, akasema hawezi kuchinja wakati nyama nyingine iko maabara.

Majibu yakachukua muda wake, maana kinyama kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba mno, kinatiwa rangi ya zambarau na pinki, ndipo mtu anakiweka chini ya darubini. Yalipokuja yalisema uvimbe upo. Kwenye vile vijishimo vya tezi vya utandoni walizikuta nyutrofili, chembe nyeupe za damu ambazo zikionekana pale maana yake moto haujazimika. Daktari hakushtuka. Akasema jambo hili linajulikana tangu 1956, pale Oxford, Truelove na Richards walipochukua vinyama kwa wagonjwa waliojiona wazima na utumbo wao kwa macho ukaonekana mzuri, darubini ikakuta wengine bado wamevimba. Na darubini nayo ina mizani yake, ya Nancy, mji wa Ufaransa, 0 hadi 4. Mimi alinikadiria 2.

"Kwa hiyo nimepona au sijapona?"

Akacheka kidogo. Akasema lengo la matibabu waliloafikiana wataalamu ni lile linaloonekana kwa kamera, na hilo nimelifikia. Darubini inamwambia tu kwamba mtu kama mimi ana hatari zaidi ya kuugua tena kuliko aliye safi kote kuwili, kwa hiyo mesalazini nisiiache hata nikijisikia kukimbia mbio za nyika, na mara kwa mara nipeleke choo kupimwa kalprotektini, protini inayopanda utumbo ukivimba. Ikifika miaka 8 tangu dalili zianze, watapitisha kamera tena, safari hiyo kuchungulia na saratani.

Nyumbani kukawaka. Baba akasema daktari kaona kwa macho yake, nadhiri imeiva. Mama akasema, "Nilimwahidi Mungu akipona. Sikumwahidi akionekana kapona." Wakaniangalia mimi. Siku hiyo nilikuwa upande wa baba, nina njaa na ninajisikia mzima. Siku nyingine, nikimeza vidonge asubuhi na sehemu yoyote hainiumi, nahamia kwa mama. Sijatulia upande mmoja mpaka leo, na sidhani kama daktari naye katulia, ila yeye halali nyumba moja na mama yangu.

Mbuzi yuko Chanika. Ni jike, na hapo kati kazaa pacha. Mama anasema na watoto wameingia kwenye nadhiri. Mjomba anasema pumba kanunua yeye.