Polisi Mstaafu Anayetaka Kuwa Hakimu Wetu

Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili alinibishia hodi mzee mmoja mwenye vipeperushi mkononi, akajitambulisha kuwa ni askari polisi aliyestaafu na kwamba anagombea uhakimu wa eneo letu. Kwetu sisi tuliokulia Tanzania, ambako hakimu wa Mahakama ya Mwanzo huajiriwa na Tume ya Utumishi wa Mahakama na hapigiwi kura na mtu, jambo hilo lina ugeni wake. Hapa Pennsylvania ni la kawaida kabisa: hakimu wa ngazi hiyo huchaguliwa na wakazi kwa kipindi cha miaka 6, wala si lazima awe mwanasheria, ingawa asiye mwanasheria hutakiwa kusoma kozi ya wiki 4 na kufaulu mtihani. Katika kura za mchujo za Mei anaruhusiwa hata kugombea kwa vyama vyote viwili, Democrat na Republican, kwa wakati mmoja, desturi ambayo mpaka leo sijaizoea.

Si cheo cha mapambo. Hakimu huyo husikiliza makosa ya barabarani, madai yasiyozidi dola 12,000 na mashauri ya wenye nyumba wanaotaka kuwatoa wapangaji. Hupanga dhamana, na katika kesi nzito za jinai huamua kama ushahidi unatosha kuipeleka kesi mahakama ya juu. Polisi wakitaka hati ya kupekua nyumba ya mtu, humwendea yeye, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Kozi ya wiki 4 inaweza kumfundisha mtu taratibu, lakini sijui kama inaweza kumfanya aliyeomba hati hizo maisha yake yote aitilie shaka hati inayoletwa usiku na kijana aliyemfundisha kazi mwenyewe.

Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la dereva mmoja wa mji wa Lynch, Kentucky, aliyehukumiwa kwa kuendesha gari akiwa amelewa na hakimu ambaye alikuwa mchimba makaa ya mawe asiyesomea sheria. Hakimu huyo alimpa kifungo cha siku 30, ilhali kosa la kwanza la namna hiyo adhabu yake kisheria ilikuwa faini. Hata hivyo mahakama iliona mfumo wenyewe ni halali, kwa kuwa mshtakiwa angeweza kukata rufaa na kesi ikaanza upya mbele ya mwanasheria. Kwangu hiyo ni faraja nyembamba, maana wengi hulipa faini wakarudi zao kazini.

Nilimuuliza mgombea swali langu bila kuzunguka. Hakukasirika. Alisema amekaa mahakamani kama shahidi mara nyingi kiasi cha kuitambua ripoti ya polisi iliyoandikwa kwa kukisia, na kwamba wenzake wa zamani wataona ugumu zaidi kumdanganya yeye kuliko kumdanganya wakili. Jibu hilo nililipenda kuliko nilivyotarajia. Nilipomweleza kwamba mimi si raia na kura sina, alinipa kipeperushi vilevile, akasema kwamba watakaosimama mbele yake hawataulizwa kwanza kama walipiga kura.