Yai la Mnadani

Nimerudi Marangu mwezi uliopita baada ya miaka 11 Minnesota. Jumapili ya kwanza mama alinitwisha mkungu wa ndizi twende nao kanisani. Nikamuuliza wa nini. Nilishasahau mnada!

Kwa wasioujua: kwetu KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika hapa mlimani Kilimanjaro mwaka 1893, na mpaka leo, pamoja na bahasha zenye namba na sadaka za simu, asiye na fedha huleta alichonacho. Ndizi, maziwa, jogoo aliyefungwa miguu. Vinaombewa, kisha vinanadiwa nje, na fedha inaingia kwenye sadaka.

Bibi mmoja jirani yetu alileta yai moja. Lilikuwa kwenye bakuli la plastiki, chini kaliwekea pumba lisivunjike. Mzee wa kanisa akaliinua juu kwa heshima ile ile aliyomwinulia jogoo. "Yai hili, elfu moja! Nani anaongeza?" Kijana wa bodaboda akasema elfu mbili, mama wa kwaya elfu tatu. Likaishia elfu tano kwa mwalimu mstaafu. Naye hakuondoka nalo. Alimfuata bibi pale alipokaa, akamrudishia bakuli na yai lake humo humo, kwa mikono miwili. "Shikamoo, bibi. Hili la chai ya kesho."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Machozi yalinitoka. Miaka yote nimesoma habari za mjane wa senti mbili katika Luka 21 nikimsifu kwa kutoa vyote. Sijawahi kujiuliza usiku ule alikula nini. Hawa wa kwetu wamejiuliza.

Jioni nikamweleza mama, naye ndipo akanisimulia ya mwaka juzi alipovunjika mguu. Mimi nilituma fedha kila mwezi, sikukosa hata mmoja, na moyoni nilijua nimemuuguza mama yangu. Kweli, dawa zilinunuliwa. Lakini ng'ombe wawili bandani, nani aliwalisha miezi minne? Akina mama wa jumuiya waligawana siku: huyu anakata majani, yule anateka maji, mwingine anapika. Bibi wa yai, asiyeweza tena kubeba mzigo, alikuja kila jioni kumkanda mama miguu na kusali naye. Hakuna aliyenipigia simu kunieleza, wala kudai asante.

Bibi ana mbuzi mmoja. Jana alfajiri nilichukua panga nikashuka mtoni kumkatia majani. Nilipofika kwake mzigo ulikuwa umelegea, nusu unaning'inia. Akaushusha chini, akaufunga upya kwa kamba ya mgomba, taratibu, akinionyesha fundo linavyokazwa. Kisha akanipa kikombe cha maziwa, akasimama mlangoni mpaka nilipokimaliza.

Alhamisi ni zamu yangu tena.