Bati lilikuwa halirudi nyuma baada ya kukunjwa, nilivyotatua

Hii kitu imenisumbua wiki nzima. Nilikuwa nakunja bati la DP600 (aina ya chuma kigumu) umbo la U kwenye LS-DYNA, programu ya simulesheni, halafu simulesheni ya pili ioneshe linavyorudi nyuma likitoka kwenye kalibu, nikashangaa limetulia tu, wakati chuma kigumu hivyo lazima kuta zifunguke. Kumbe toka simulesheni ya kwanza nilihamisha umbo tu, yaani elementi (vipande vidogo ambavyo programu inagawa bati) na nodi zinazoviunganisha, mkazo wote uliobaki ndani nikauacha, sasa litarudi kwa nguvu gani?

Nikaweka amri ya *INTERFACE_SPRINGBACK_LSDYNA hatua ya kwanza, ikatoa faili la dynain lenye unene, mkazo na ule mnyumbuko wa kudumu, hatua ya pili nikaliita kwa *INCLUDE, amri ya kuingiza faili lingine. Likarudi, ila kidogo mno. Hapa ndo pagumu jamani: natumia materiali 125, modeli ya chuma ndani ya programu inayokumbuka chuma kilivyokunjwa na kukunjuliwa, na kumbukumbu hiyo inakaa kwenye vigezo vya ziada ambavyo havihamishwi ukiacha NSHV (idadi ya vigezo vya ziada vya kuhamisha, unaijaza kwenye amri ile ya kwanza) ikiwa sifuri. Nikaijaza, nikahakikisha hatua zote mbili zina elementi aina 16 na pointi 7 za kukokotoa mkazo kwenye unene wa bati, kuta zikafunguka.