Nyuki wa Tanga wamenitoa jasho

Nilidhani askari ndio watanisumbua. Natengeneza vipande vya mchezo wa mezani wa mapigano ya Tanga, Novemba 1914, pale Waingereza waliposhusha wanajeshi kama 8,000, wengi wao kutoka India, wakatimuliwa na kikosi cha kamanda Mjerumani von Lettow-Vorbeck cha watu kama elfu moja tu.

Kipimo changu ni 1 kwa 100, kwa hiyo mtu mzima hazidi milimita 18. Bunduki ya Mauser ya 1871 ilikuwa na mita 1.3 na ushee. Kwangu imekuwa milimita 13, mtutu mwembamba kama unywele. Printa ya 3D ikazitoa safi kabisa. Nikaziosha, nikashika ya kwanza, tak! Ya pili, tak! Ikabidi ninenepeshe mitutu mara mbili, wapenda uhalisia mtanisamehe. Kofia lakini sijaigusa, ina kile kitambaa cha kufunika kisogo.

Sasa nyuki. Waliwavamia watu katikati ya mapigano, kwa hiyo lazima wawemo, ila nyuki wa kipimo hiki ni sawa na vumbi. Nilijaribu pamba, ikaonekana moshi. Mwishowe nimepinda vijiwaya, nikachovya ncha kwenye gundi, halafu kwenye mbegu za mchicha. Zimetoka kundi la nyuki haswa!

Mama kapita, kainama mezani: "Hizi si mbegu zangu?"

Bado Waingereza wote sijawagusa.