Kumbukumbu ya mradi: majibu ya udongo yamefika

Majibu ya maabara yamefika. Kabla ya kuchukua udongo nililigawa shamba sehemu tatu: mteremko mwekundu, bonde jeusi linalotuamisha maji, na kipande palipokuwa na zizi zamani. Sampuli moja ya shamba zima ingenipa wastani usiohusu sehemu yoyote.

Kila sehemu niliikata kwa zigizagi, vishimo 15 hadi 20, kina cha sentimita 20. Unachimba, halafu unakata ubavuni mwa shimo kipande chembamba chenye unene ule ule juu mpaka chini. Ukichota zaidi udongo wa juu, majani yaliyooza yatakudanganya kwamba shamba lina rutuba. Vichuguu, njia na mahali palipolundikwa samadi nilivikwepa. Udongo nikauchanganya kwenye ndoo ya plastiki, maana ya bati huuachia zinki, kisha nikauanika kivulini.

Mteremko umetoa pH (kipimo cha uchachu wa udongo) 4.9, bonde 6.2, zizi 7.0. Kipimo hiki kikishuka kwa 1, uchachu umepanda mara 10, kwa hiyo mteremko umelizidi bonde karibu mara 20!

Mteremko huo huo una fosforasi kidogo sana, na haraka ya mtu ingekuwa kuongeza mbolea ya kupandia. Mimi nakataa. pH ikiwa chini ya 5.5, aluminiamu huyeyuka kwenye udongo, na ikishirikiana na chuma huikamata fosforasi, hata hii utakayoweka leo. Tena inadumaza mizizi. Niling'oa mhindi mmoja pale juu nikausafisha kwa maji: mizizi mifupi, minene, ncha zimevimba, vijizizi vya pembeni hakuna. Majani ya chini yalikuwa na zambarau kingoni, dalili ya kukosa fosforasi. Mizizi ya namna hiyo haiwezi kuifuata mbolea popote. Chokaa ya kupunguza uchachu kwanza, mbolea baadaye.

Ila pH peke yake haikuambii uweke chokaa kiasi gani. Udongo wa mfinyanzi wenye mboji hung'ang'ania uchachu wake; udongo wa kichanga hukubali kubadilika kwa chokaa kidogo tu. Nilitia udongo wa mteremko kwenye chupa ya kioo yenye maji, nikatikisa. Mchanga ulitua mara moja, lakini kesho yake maji ya juu yalikuwa bado mekundu kwa mfinyanzi. Nimeomba maabara wapime na mahitaji ya chokaa, na nitaichanganya udongoni miezi kadhaa kabla ya kupanda.

Kwenye zizi, fosforasi na potasiamu zimejaa. Pale sinunui kitu zaidi ya naitrojeni. Na naitrojeni yenyewe siitegemei karatasi ya maabara, kwa sababu nitrati huondoka na mvua, naangalia mahindi. Jani la chini likianza njano nchani na kushuka katikati kwa umbo la V, nimejua naitrojeni imepungua.

Kinachofuata: mteremko unapata chokaa, ila ukanda mmoja nauacha hivi hivi niweze kulinganisha. Kupima tena nitapima msimu ule ule, kina kile kile, na maabara ile ile. Njia za maabara za kupima fosforasi, kama Bray, Olsen na Mehlich, kila moja hutoa kiasi tofauti cha fosforasi katika udongo mmoja, kwa hiyo nimeandika jina la njia iliyotumika pembeni mwa kila namba kwenye daftari.